Mafiati Bila Fiati: Ya Ulaya Yapigwa Polishi, Ya Kwetu Yageuzwa Sufuria

Siku za katikati ya wiki kibanda cha video hapa Iyunga hudorora. Mpira hakuna, sinema mpya hakuna, na mwenye kibanda, ili masela wasinyanyuke kwenye mabenchi, huachia chaneli yoyote itakayojileta. Ndivyo nilivyojikuta mchana mmoja nimekaa saa nzima nikimtazama Mwingereza akinunua mkweche.

Msomaji wangu, si maigizo hayo. Ni kipindi cha kweli, kinaitwa Wheeler Dealers, na kilianza mwaka 2003. Jamaa mmoja, Mike Brewer, mdomo kama dalali wa Mwanjelwa, anazunguka kutafuta gari la zamani. Anabishana bei, anashikana mkono na mwenye mali, halafu mzigo anampelekea fundi. Kwa miaka mingi fundi huyo alikuwa Edd China, pande la mtu la mita mbili, akiinamia boneti unamuonea huruma mgongo. Anafungua injini, anaeleza kila nati ina kazi gani. Mwisho gari linang'aa, linauzwa, na faida inasomwa hadharani. Kitu kimoja kilituvunja mbavu: kwenye mahesabu yale, masaa ya fundi hayamo! "Kumbe hata Ulaya fundi anapigwa," akasema dogo mmoja wa gereji, mikono bado ina grisi.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Land Rover. Kibanda kikatulia tuli. Kwetu huku nani asiyeijua Land Rover? Mimi nilikuwa na sababu yangu ya ziada. Babu yangu alikuwa nayo moja, ile ndefu ya 109, nyuma ya nyumba, juu ya mawe, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Na wiki ileile wanunuzi wa skrepa walikuwa wameshapita mara mbili kuichungulia.

Hebu nikupe siri ya gari hilo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, chuma cha pua kinatolewa kwa mgawo, basi Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakalivika gari bodi ya aluminiamu. Ndiyo maana Land Rover ya miaka hamsini unaikuta chesisi imeliwa na kutu lakini mabati ya ubavuni yako safi. Wenzetu kwa hilo wanashangilia. Mwaka 1948 ni kama jana kwao. Desemba 2015, pale London, Defender moja iliyoundwa kuadhimisha gari la milioni mbili la ukoo huo iliuzwa mnadani kwa pauni 400,000. Haikuwa mkweche ile, nakubali, lakini jina ndilo lililonunuliwa.

Kwetu aluminiamu hiyohiyo ndiyo iliyoiponza. Mtu wa skrepa akigonga bodi ikalia tofauti na chuma, macho yanamtoka. Aluminiamu inayeyuka kirahisi, inamiminwa kwenye ukungu wa mchanga, inatoka sufuria. Huenda ugali uliokula jana ulisongwa ndani ya mlango wa Land Rover, wewe huna habari!

Haya, tuache Land Rover kidogo tupande daladala hadi Mafiati. Kila mtu wa Mbeya anashuka pale, anapanda pale, anapanga miadi na mchumba pale. Umeshawahi kujiuliza jina hilo? Litamke polepole. Ma-fiati. Fiat moja, mafiati mengi. Ni jina la lori.

Kisa chake kinaanzia mbali. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith, kule Rhodesia ya Kusini, ilijitangazia uhuru wake yenyewe. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ijitawale, na mafuta yake yalipitia hukohuko kwa Smith. Kufikia Desemba yakakatika. Nchi ina shaba chungu nzima lakini petroli hakuna. Njia iliyobaki ilikuwa ya kwetu: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma. Na usidhani ilikuwa lami. Kiangazi vumbi, masika tope la kumeza tairi. Malori yalikwenda na mapipa ya mafuta, yakarudi na shaba. Wazungu wakaibatiza Hell Run, yaani safari ya jehanamu. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zikaanzisha kampuni ya malori ya pamoja, Zambia-Tanzania Road Services, na farasi wake alikuwa Fiat la Kiitaliano na tela lake nyuma. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, likaanza kusukuma mafuta hadi Ndola. Lami ikafuata. Halafu ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976, ile inayokwea pale Uyole hadi mita 1,789 juu ya bahari kisha inateremka kuja stesheni yetu hapa Iyunga.

Miaka ileile ambayo madereva wetu walikuwa wanalala chini ya tela, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alikuwa anawatoa watu jasho kwenye mashindano ya Safari. Akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404 alishinda mwaka 1966, akarudia 1967. Na ukitaka kurudi nyuma zaidi, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari mwezi Agosti 1907, akavuka Afrika, akatokea Swakopmund, pwani ya Namibia, Mei 1909. Miaka miwili kasoro kidogo! Huyo mkweche wake ungepewa kipindi kizima kwenye luninga.

Nasema hivi kwa sababu hatuna uhaba wa habari. Tuna uhaba wa anayezionyesha. Mwaka 2013 wale Waingereza watatu wa Top Gear walikatiza Uganda, Rwanda na Tanzania na BMW, Volvo na Subaru kuukuu, eti wanatafuta chanzo cha Nile. Burudani tosha, nilicheka hadi machozi. Mwaka 2024 haohao watatu wakafungia kazi Zimbabwe, safari hii na Lancia, Ford Capri na Triumph Stag. Barabara zetu zinaonekana, vumbi letu linaonekana, na sisi tumo, pembeni ya barabara, tunapunga mikono. Sina kinyongo nao, kila mtu anasimulia ya kwake. Lakini mtu aliyeendesha Fiat toka Dar hadi Tunduma kwenye tope la mwaka 1967 yuko hai, anaota jua Mafiati, na hakuna aliyemwekea hata maikrofoni. Makumbusho ya Taifa kule Dar yanayo magari aliyopanda Mwalimu Nyerere, Rolls-Royce ikiwemo. Vizuri sana. Lori la utingo je? Mimi nimezaliwa Mbeya, nimekulia Mbeya, na Fiat la enzi hizo sijaliona hata moja, zaidi ya jina la kituo.

Basi bwana, nikatoka kibandani mbio hadi kwa babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Unahema nini, umeiba?"

"Babu, usiiuze Land Rover. Nimeona kwenye luninga, Ulaya gari kama lile..."

"Ulaya iko wapi na Iyunga iko wapi? Wewe umeona luninga, mimi nimeona karatasi ya ada ya chuo ya dada yako. Mwambie huyo wa luninga aje nayo."

Nikakosa la kusema. Ningesema nini? Mfukoni nilikuwa na nauli.

Jumamosi wakaja. Vijana wanne, mashoka, misumeno ya chuma, patasi, na mzani wa kuning'iniza. Sikujua gari linaweza kuisha haraka namna ile. Paa likatoka, ubavu ukatoka, kuku wakatawanyika wakilalamika. Babu alikaa kwenye kigoda bila neno. Walipofika kwenye mlango wa dereva shoka likakwaruza rangi ya kijani, chini yake ikatokea ya kijivu, na chini ya kijivu herufi nyeupe zimekatika katikati. Hapo ndipo mzee alipofungua mdomo.

Alianza kama anaongea na gari. Usiku alipombeba mama mjamzito kutoka Isyonje, ukungu hauonyeshi hata boneti, utingo anatembea mbele na tochi, na mtoto akazaliwa kabla hawajafika Uyole. Magunia ya viazi. Maharusi. Maiti pia. Halafu akaruka nyuma zaidi, kabla ya Land Rover, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, tandiboi wa Fiat, kazi yake kuwahi kigogo cha kuzuia tairi lori linapogoma mlimani Kitonga. Mimi miaka yote najua babu alikuwa "dereva", basi. Kumbe mzee alikuwa jehanamu na akarudi! Vijana wa skrepa wenyewe waliacha mashoka wakasikiliza. Alipomaliza, au tuseme alipochoka, nikakumbuka kwamba simu ilikuwa mfukoni muda wote. Sikurekodi hata sentensi moja.

Mlango ule niliuomba. Wakakataa, wakasema kila kitu kinakwenda kwa kilo. Wakauning'iniza kwenye mzani, nikakopa kwa mwenye kibanda cha video, nikalipa. Umeegeshwa ukutani chumbani kwangu. Jirani yangu mama lishe ameshauliza kama nauuza, kuna fundi wake wa masufuria anautaka. Nimemwambia hapana, akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Siku hizi Jumapili babu anapita, nampa chai, anakaa mkabala na mlango. Nimeweka simu juu ya ndoo, imeshawashwa. Jumapili iliyopita tulifika Makambako, mwaka 1968, mvua inanyesha. Akasita katikati, akaitazama ile simu kwa wasiwasi.

"Hicho kidude kinakula chaji yako bure?"

"Kiache kile tu, babu. Mkakwama Makambako. Halafu?"