Vyuo ambako kuwa mweusi si habari: Jinsi HBCU hujenga maisha ya wahitimu wake

UKIWA umezaliwa na kulelewa Kayole, Kisauni au Kondele, labda hujawahi kuamka asubuhi ukajiita ‘mtu mweusi’. Wewe ni Mkenya, ni mtoto wa fulani, ni shabiki sugu wa Gor au Ingwe. Rangi ya ngozi si habari, manake kila mtu kwenye matatu anafanana nawe.

Sasa hebu mfikirie kijana wa rika lako aliyezaliwa Marekani. Darasani huenda yeye ndiye mweusi pekee. Somo la historia likifika kwenye utumwa, macho yote yanamgeukia. Akipita mtihani, kuna anayenong’ona kwamba alipendelewa. Akianguka, kuna anayesema, “Si tulijua tu.”

Kijana huyo akimaliza shule ya upili, kuna mahali anaweza kwenda akapumzika na hayo yote kwa miaka minne. Ni katika vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Viko takriban 100, na kwa kifupi vinaitwa HBCU.

Wengi waliopitia huko hawavitaji kama mahali walipochukulia digrii tu. Wanavitaja jinsi wewe unavyotaja kwenu. Swali ni, hufanyika nini huko hadi mtu mzima wa miaka 60 bado avae fulana ya chuo chake kila mwaka na kurudi kucheza densi na vijana?

Vyuo vilivyozaliwa na ubaguzi

Hivi si vyuo vya juzi. Cheyney, kilicho jimbo la Pennsylvania, chimbuko lake ni 1837, wakati utumwa ulikuwa bado halali katika majimbo ya kusini. Lincoln kilifuata 1854 na Wilberforce 1856.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha 1865 na utumwa ukapigwa marufuku, vikachipuka vingine: Fisk 1866, Howard na Morehouse 1867, Hampton 1868, halafu Spelman na Tuskegee 1881.

Sababu ilikuwa moja. Vyuo vingi vya wazungu havikutaka kuwaona watu weusi darasani. Kwa hivyo wakajengewa vyao, na wengine wakajijengea wenyewe.

Leo milango iko wazi kwa wote, na takriban mwanafunzi mmoja kati ya wanne kwenye vyuo hivi si mweusi. Vilevile, Wamarekani weusi wengi sasa husomea vyuo vingine. Ni mmoja tu hivi kati ya kila kumi anayechagua HBCU. Yaani hakuna anayelazimishwa. Anayeenda, ameamua.

Wakili aliyegusa katiba yetu

Kama unadhani mambo haya hayakuhusu, msikilize huyu.

Thurgood Marshall alizaliwa Baltimore, jimbo la Maryland. Alisomea digrii ya kwanza Lincoln, akamaliza 1930. Alitamani kuwa wakili, lakini kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha jimbo lake hakikuwa kikipokea weusi. Bas, akajiunga na Howard mjini Washington, akawa anapanda treni kutoka nyumbani kila siku. Inaelezwa kwamba mamake aliweka rehani pete yake ya ndoa ili karo ipatikane.

Huko Howard alikutana na mkuu wa kitivo, Charles Hamilton Houston. Huyu hakuwa mwalimu wa kuchekacheka. Aliwafunza wanafunzi wake kwamba wakili asiyetumia sheria kurekebisha jamii ni kupe tu anayeinyonya. Marshall alimaliza 1933 akiwa wa kwanza darasani.

Miaka michache baadaye, yeye na mwalimu wake walikishtaki chuo kikuu kile kile cha Maryland kwa niaba ya mwanafunzi mweusi aliyekuwa amenyimwa nafasi. Walishinda. Mwaka wa 1954 Marshall akashinda kesi kubwa zaidi, ile ya Brown, iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma kote Marekani. Kabla ya kusimama mbele ya majaji, mawakili walifanyia mazoezi hoja zao Howard, wakipigwa maswali makali na watu wao wenyewe.

Sasa ona alivyofika kwetu. Mwanzoni mwa 1960, viongozi wa Kenya walipokwenda Lancaster House jijini London kujadili katiba, Tom Mboya alimwalika Marshall awe mshauri wao. Marshall ndiye aliyesaidia kuandaa rasimu ya sura ya haki. Katika rasimu hiyo alitetea pia haki za waliokuwa wachache humu nchini, Wahindi na hata wazungu. Mtu aliyebaguliwa akiwa kijana alisisitiza kwamba Kenya huru isimbague yeyote.

Mwaka wa 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kitivo kilichomfungia mlango hakikumzuia. Na chuo kilichompokea hakikumpa cheti tu, kilimpa kazi ya maisha.

Marshall si daraja la pekee. Mbiyu Koinange, aliyekuja kuwa waziri, alisomea Hampton miaka ya 1920. Aliporudi nyumbani alianzisha chuo cha walimu Githunguri 1939. Kwame Nkrumah wa Ghana alisomea Lincoln. Hastings Banda wa Malawi alipata udaktari wake Meharry 1937.

Mwalimu anayejua jina lako

Mnamo 2015, shirika la Gallup lilitoa ripoti iliyolinganisha wahitimu weusi wa HBCU na wahitimu weusi wa vyuo vingine. Asilimia 55 ya wale wa HBCU walikubali kwa dhati kwamba chuo kiliwaandaa vyema kwa maisha ya baadaye. Kwa wenzao, haikufika asilimia 30.

Walipoulizwa kama wahadhiri wao waliwajali kama binadamu, asilimia 58 ya wahitimu wa HBCU walikubali kwa dhati, dhidi ya 25 kwingineko. Soma nambari hizo tena. Tofauti kubwa haikuwa kwenye majengo wala maabara. Ilikuwa kwenye watu.

Mfano unaujua, hata kama hukujua unaujua. Chadwick Boseman, yule nyota wa Black Panther, alisomea Howard. Mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake walipata nafasi ya kwenda Oxford, Uingereza, kwa kozi ya uigizaji, lakini hawakuwa na pesa. Mwigizaji Phylicia Rashad, aliyekuwa akiwafundisha na ambaye pia alisomea Howard, hakusema ‘pole’ akaenda zake. Aliwatafutia wafadhili. Aliyelipia karo ya Boseman ni Denzel Washington.

Boseman alifariki 2020. Mwaka uliofuata, Howard iliupa jina lake mkono wake wa sanaa, na mkuu wake akawa Phylicia Rashad. Mwalimu aliyemshika mkono akiwa kijana asiye na nauli ndiye aliyeongoza kitivo chenye jina lake.

Ukoo usioisha

Halafu kuna marafiki. Tarehe 1 Februari 1960, vijana wanne wa mwaka wa kwanza katika chuo cha North Carolina A&T waliingia duka la Woolworth mjini Greensboro, wakaketi kwenye kaunta ya chakula iliyotengewa wazungu, wakakataa kuondoka. Wazo lilipikwa kwenye gumzo za usiku bwenini. Katika wiki chache, maandamano ya aina hiyo yalikuwa yameenea miji mingi ya kusini.

Gumzo za bwenini kila komredi anazijua. Tofauti ni kwamba hapa haziishi siku ya mahafali. Kuna vyama vya wanafunzi ambavyo mtu akijiunga ni wa kufa na kuzikana. Kongwe zaidi kwa wanawake weusi, Alpha Kappa Alpha, kilianzishwa Howard 1908. Kamala Harris alijiunga nacho akiwa mwanafunzi, na alipowania urais 2024 akina dada hao walijitokeza kumpigia debe. Aliposhindwa, alienda kukubali matokeo hadharani katika uwanja wa Howard, alikohitimu 1986. Mtu akiumia, hukimbilia kwao.

Bili nayo?

Tusidanganyane lakini. Mapenzi hayalipi karo.

Wengi wanaojiunga na HBCU wanatoka familia zisizo na akiba, kwa hivyo hukopa, na kwa wastani hutoka na deni kubwa kuliko wahitimu wa vyuo vingine. Kama HELB inakukosesha usingizi, unawaelewa. Mwaka wa 2019 bilionea Robert F. Smith aliposema kwenye mahafali ya Morehouse kwamba angelipa mikopo ya wahitimu wote wa mwaka huo, karibu 400, kuna waliolia. Bili ilifika dola milioni 34. Waliohitimu mwaka uliotangulia walibaki na madeni yao.

Serikali nazo zimewakalia. Mnamo 2023, serikali kuu ya Marekani iliwaandikia magavana wa majimbo 16 ikisema vyuo vya watu weusi katika majimbo hayo vilikuwa vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 kwa miongo mitatu. Kuna mabweni yanayovuja, na kuna wanaoacha masomo kwa kukosa pesa. Kwa hivyo mafanikio unayoyaona yamepatikana kwa kujinyima, si kwa sababu mambo ni rahisi.

Na wewe je?

Pengine unasaka skolashipu ya kwenda ng’ambo. Ukiwa unajaza fomu, usiangalie tu vyuo vilivyo juu kwenye orodha za dunia. Angalia HBCU pia, lakini uliza maswali ya pesa mapema: nani analipa, kwa miaka mingapi, na ukikwama utamwendea nani.

Na kama uko hapa hapa, KUCCPS ikikupeleka popote ikupelekako, somo ni lile lile. Mtafute mhadhiri mmoja atakayekujua kwa jina, si kwa nambari ya usajili. Chagua marafiki ambao gumzo lao la usiku linaweza kuzaa kitu. Na ukiomoka, rudi umshike mkono wa nyuma yako. Si lazima uwe bilionea. Houston hakuwa. Alikuwa mwalimu tu aliyekataa kuwaonea wanafunzi wake huruma, na kazi yake ilifika hadi kwenye katiba ya nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga.