Herufi za Jikoni na za Shambani
Maneno kwa wazazi wenye watoto ambao hawajaingia shule bado



Mara nyingi wazazi hutuambia ya kuwa kufundisha herufi ni kazi ya mwalimu peke yake. Kazi yao wao ni kumlisha mtoto na kumvika mpaka siku ya shule ifike. Neno hili lina kweli ndani yake, kwa maana mwalimu ana ujuzi wake. Walakini sisi tulio walimu twaiona tofauti siku ile ile ya kwanza. Mtoto mmoja huingia amezoea kuulizwa na kujibu, na macho yake hutafuta jambo jipya. Wa pili hujibanza ukutani, naye akiitazama ile mbao nyeusi huiona kama kitu kilichowekwa ili kumwaibisha. Wote wawili wana akili walizopewa na Mungu; tofauti ni yale waliyoyazoea nyumbani. Na mtoto aanzaye kwa hofu hujihesabu mjinga kabla mtu hajamwita hivyo. Wako walioacha masomo kwa sababu hiyo tu. Basi jambo hili ni zito, ingawa kazi yenyewe hufanywa kwa michezo.

Wala si shauri geni katika Kanisa. Comenius, askofu wa Kanisa la Ndugu, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592, aliandika kitabu kizima juu ya malezi ya mtoto kwa mama yake katika miaka sita ya kwanza. Tena mwaka 1658 kilipigwa chapa kitabu chake cha picha kiitwacho Orbis Pictus. Mwanzoni mwake kila herufi imepewa picha ya kitu chenye sauti: b ni mwana-kondoo aliaye, f ni upepo uvumao, s ni nyoka. Warithi wa kanisa hilo, ndio Wamoravian, walifika Rungwe mwaka 1891. Basi asiseme mtu ya kuwa michezo ya herufi ni upuuzi wa siku hizi.

Sasa na tuseme jinsi ya kufanya.

Kwanza, fundisheni sauti kabla ya jina la herufi. Mtoto akiambiwa “be” kisha “a”, atasoma “bea”, naye hana kosa. Mwambieni “ba”, kama atakavyoisikia katika baba, bata na bakuli. Kiswahili chatusaidia sana hapa, kwa kuwa irabu zake ni 5 tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyogeuka. Anzeni na hizo. Mtoto akizijua, ma, me, mi, mo, mu zitafuata bila taabu.

Pili, kila juma lichagulieni mahali pamoja, ili herufi zisielee hewani. Juma la jiko lina asali, embe, iliki na unga. Kwa o tafuteni kitendo, kama kuosha vyombo au kuota moto. Kisha iko m ya maji, moto na mwiko. K ya kuni, kinu na kikombe. Ch ya chungu na chumvi. Mama asongapo ugali na aulize, “Nani ataniletea kitu kianzacho kwa sauti ya k?” Mtoto atakimbia kuleta kijiko, naye atakuwa amesoma bila kujua ya kuwa anasoma. Juma la shamba lina jembe, mahindi, panda na viazi. Juma la wanyama lina mbuzi, kuku, punda na sungura. Na juma la Maandiko lina Nuhu, Musa, Daudi na Yona. Hadithi isimuliwe jioni, na herufi ya jina itafutwe asubuhi.

Tatu, mkono wa mtoto mdogo hauna nguvu ya kalamu bado. Mwagieni mchanga katika ungo, aandike kwa kidole. Akikosea, tikiseni ungo, na kosa limekwisha. Tena afinyange herufi kwa udongo, au aipange kwa punje za mahindi. Lakini punje asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana huzitia puani na kinywani, nazo zaweza kumziba pumzi.

Nne, dakika 10 zatosha. Mtoto akipiga miayo, acheni. Na fimbo isikaribie mchezo huu kabisa. Wako akina baba wenye bidii ambao humchapa mtoto wa miaka minne kwa sababu amesahau d. Kwa kweli humfundisha jambo moja tu, ya kuwa herufi zauma. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee; lakini mfinyanzi haupigi udongo wake kwa rungu.

Hapa twasikia mama akisema, “Mwalimu, mimi sijui kusoma. Nitafundisha nini?” Dada yetu, sauti za maneno unazijua tangu ulipokuwa mtoto. Kujua ya kuwa maji na moto huanza pamoja hakutaki kitabu. Twamjua mama mmoja aliyeanza hivi na mwanawe wa kwanza, akimwomba jirani amchoree herufi moja tu kila juma katika mchanga. Mtoto alipoingia shule, mama naye alikuwa amezipata herufi zote, na leo husoma zaburi mwenyewe. Na kama nyumbani mwenu hamsemi Kiswahili, chezeni kwanza kwa lugha yenu. Sikio likiisha kuzoea kutenga sauti, lugha ya pili haitalishinda.

Neno moja zaidi twaliweka mbele ya akina baba. Katika nyumba nyingine mwana wa kiume huketishwa penye ungo wa mchanga, na dada yake hupewa mtoto mchanga ambebe mgongoni. Haifai. Wote waketi, na mtoto mchanga apokewe na mkubwa kwa dakika hizo 10. Kumbukeni ya kuwa imani ya Timotheo ilikuwa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, naye aliyajua Maandiko tangu utoto. Binti mnayemnyima herufi leo ndiye atakayekuwa Eunike wa nyumba nyingine.

Hata penye darasa la awali karibu, saa za mtoto nyumbani ni nyingi kuliko zile za darasani. Basi jaribuni juma moja, na liwe juma la jiko, kwa kuwa vyombo vyake mnavyo tayari. Nanyi walimu, waulizeni wazazi Jumapili baada ya ibada ni herufi ipi waliyocheza, mkawatie moyo. Mungu azibariki nyumba zenu.