Risasi si Moja: Istilahi na Utaratibu wa Kujaza Risasi za Bunduki Nyumbani

Mtoto akiokota kikopo cha shaba kilichotemwa na bunduki, husema ameokota risasi. Daktari akitoa kipande cha metali mwilini mwa majeruhi, husema ametoa risasi. Fundi anayeyeyusha betri kuukuu za magari naye hushughulika na risasi. Matumizi yote matatu ni sahihi, kwani neno hili lilitoholewa kutoka Kiarabu kwa maana ya metali yenyewe, kisha likapanuka kimaana hadi kurejelea kitu kilichoundwa kwa metali hiyo, na hatimaye kitu kizima kinachotiwa bundukini. Katika mazungumzo ya kawaida upanuzi huo haumdhuru mtu. Kuna shughuli moja, hata hivyo, ambayo haiwezi kuelezwa kwa neno hilo pekee bila kumtia msomaji hatarini: kujaza upya risasi zilizokwisha kutumika. Makala haya yanadhamiria kueleza namna mtu anavyoianza shughuli hiyo, na kudhihirisha kwamba sehemu kubwa ya istilahi zinazohitajika zimo tayari katika Kiswahili, ingawa nyingi zimesahaulika.

Kujaza risasi nyumbani ni jambo lililokita mizizi Marekani. Katika miaka ya 1870 wawindaji wa baisani katika nyanda za nchi hiyo walijaza risasi zao wenyewe kambini, maana duka lilikuwa mbali na maganda ya shaba yalikuwa ghali. Leo hii warithi wao, ambao ni wawindaji na walenga shabaha, hufanya kazi hiyo kwenye meza ya gereji. Wapo wanaotaka kupunguza gharama, wapo wenye bunduki kongwe ambazo viwanda vimeacha kuzitengenezea risasi, na wapo wanaotafuta usahihi wa shabaha ambao risasi za dukani haziwapi. Nchini Kenya mambo ni tofauti. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kumiliki silaha wala risasi bila cheti. Kwa msomaji wengi wa jarida hili, basi, suala hili litabaki kuwa la lugha.

Risasi nzima ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, neno ambalo vyombo vya habari vya Kenya hulitumia kila polisi wanapokusanya ushahidi. Ya pili ni fataki, kidonge kidogo kilichopachikwa kitakoni mwa ganda, ambacho hulipuka kinapogongwa. Ya tatu ni baruti. Ya nne ni kichwa, yaani kile kipande kinachoruka hadi kwenye shabaha. Kuna haja pia ya jina la kile kitu kizima, na hapa kamusi za zamani zinatushangaza: ziliitaja risasi kamili kuwa ni kiasi cha bunduki. Mantiki yake ni wazi, kwa kuwa ni baruti iliyopimwa kwa mlio mmoja. Neno hilo lina uzito kuliko risasi, maana linamkumbusha mtumiaji kwamba roho ya kazi hii ni kipimo.

Kazi huanza na ganda. Baada ya kusafishwa, kila ganda hukaguliwa moja moja chini ya mwanga mzuri. Lenye ufa shingoni hutupwa. Vilevile hutupwa lile lenye mstari unaong'aa ukilizunguka karibu na kitako, kwani mstari huo ni ishara kwamba ukuta wa ganda umekonda na huenda ukakatika ndani ya bunduki. Ganda ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na baruti inapowaka hutanuka hadi kuushika ukuta wa chumba cha bunduki. Kabla ya kutumika tena hupakwa mafuta maalumu na kusukumwa kwa mashine ya mkono ndani ya kalibu ya chuma ili lirejeshwe kwenye vipimo vyake. Kalibu ni neno lile lile la mafundi wa kusubu metali, lenye asili ya Kiarabu. Wataalamu wengi wa historia ya maneno wanasadiki kwamba asili hiyo hiyo, baada ya kupitia lugha za Ulaya, ndiyo iliyotupa kaliba, yaani kipenyo cha mtutu. Anayesema leo kwamba fulani ni mwandishi wa kaliba ya juu anatumia, pasipo kujua, lugha ya wafua bunduki.

Kalibu hiyo hiyo huwa na sindano inayosukuma nje fataki iliyokwisha kulipuka. Hapa mwanagenzi hana budi kujua kwamba kuna mifumo miwili ya fataki, yote ya miaka ya 1860. Mmoja ulibuniwa na Edward Boxer, afisa wa jeshi la Uingereza. Ganda lake lina tundu moja katikati, na sindano hupita bila taabu. Mwingine ulibuniwa na Mmarekani Hiram Berdan. Ganda lake kwa kawaida lina matundu mawili madogo pembeni, na sindano ikishurutishwa humo huvunjika. Ajabu ni kwamba Wamarekani waliupokea mfumo wa Mwingereza, huku majeshi mengi ya Ulaya yakiupokea wa Mmarekani. Anayeanza huchagua ganda la Boxer.

Ganda likishapimwa urefu na kukatwa iwapo shingo imerefuka, hutiwa fataki mpya. Fataki husukumwa taratibu hadi iwe chini kidogo ya usawa wa kitako. Haigongwi. Zilizo nyingi zina kemikali yenye risasi, safari hii kwa maana ya metali, ambayo ni sumu. Ndiyo sababu mikono huoshwa na chakula hakiletwi mezani. Miwani ya kukinga macho huvaliwa tangu hatua hii. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampeni ya redio nchini Tanzania ililipa neno fataki maana nyingine, ya mwanamume mtu mzima anayewanyemelea wasichana wadogo. Pengine kuna wanafunzi wasiojua maana yoyote ila hiyo.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni baruti, na hapa ndipo upungufu wa lugha unapoweza kumng'oa mtu macho. Kiswahili huita baruti vitu ambavyo havifai kuchanganywa: unga mweusi wa kale, unga wa bunduki za kisasa, na hata vilipuzi vya kupasulia mawe machimboni. Unga mweusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Huo ndio uliotiwa katika magobori ya pwani na bara, ukashindiliwa kwa mdeki, na kupimwa kwa ujazo wa kipimo cha pembe au cha chuma. Baruti isiyo na moshi ni kitu kingine kabisa. Ilibuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka wa 1884, na msingi wake ni nitroselulosi. Kadiri mgandamizo unavyopanda ndivyo inavyowaka kwa kasi zaidi. Mtu akiijaza kwa kipimo cha gobori, au akiitia katika bunduki iliyoundwa kwa unga mweusi, chuma kinaweza kupasuka usoni pake. Isitoshe, baruti zisizo na moshi zenyewe ni aina nyingi, nyingine za kasi, nyingine za polepole, na macho hayawezi kuzitofautisha. Kwa hiyo mkopo mmoja tu huwekwa mezani kwa wakati mmoja, na baruti iliyopoteza lebo haitumiki kamwe.

Kiasi chenyewe hakikisiwi. Husomwa katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, na mwanagenzi huanza takriban asilimia 10 chini ya kiwango cha juu kabisa. Vitabu hivyo hutumia kizio cha Kiingereza kiitwacho greni, ambacho ni gramu 0.0648, na hukifupisha kwa herbufi gr. Mfasiri asiye makini ataandika gramu. Kosa hilo ni la zaidi ya mara 15! Katika baruti ya bunduki lingegunduliwa mapema, kwa kuwa ganda lingefurika. Lakini mfasiri hastahili kuokolewa na udogo wa ganda.

Kichwa huwekwa mwisho, kwa kalibu nyingine, hadi urefu uliotajwa kitabuni. Kikizama mno, nafasi ya ndani hupungua na mgandamizo hupanda. Kabla ya hapo maganda yote husimamishwa kwenye ubao na kumulikwa kwa tochi, ili lisiwepo lililokosa baruti. Fataki pekee inaweza kukisukuma kichwa kikakwama mtutuni, na mlio unaofuata ukaipasua bunduki.

Kitendo chote hiki kilikuwa na kitenzi chake: kushamiri. Wasomi wa leo hukitumia kwa biashara inayonawiri au uvumi unaoenea, ilhali kamusi za zamani zinaeleza kwamba kushamiri bunduki ni kuitia baruti na risasi tayari kwa kufyatuliwa. Risasi zilizokamilika huwekwa katika sanduku lenye lebo inayotaja aina ya baruti, kiasi chake, uzito wa kichwa, aina ya fataki na tarehe.