Masomo ya Fasihi na Historia Yana Faida Gani? (2): Kipunji Alianzia Kwenye Masimulizi

Wiki iliyopita tuliishia kwenye swali la mzazi wa Tukuyu: mwanangu akisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, atakula nini? Leo tupande Mlima Rungwe, maana sehemu ya jibu inaishi huko juu mitini.

Mwaka 2003 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, waliwahoji wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu wanyama wa msitu wa mlima huo. Wakatajiwa kipunji, kima mwenye haya, adimu kuonekana. Masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli, yana na wa mizimu. Mgeni mwenye haraka angesema hizo ni ngano, akafunga daftari. Hawa waliendelea kuuliza, kisha wakaingia msituni. Mwaka huohuo wakamwona.

Mwaka 2005 kipunji akatangazwa katika jarida la Science. Mwaka uliofuata vinasaba vikaonyesha kuwa ni ndugu wa karibu wa nyani, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923.

Maabara ilithibitisha, lakini njia ilifunguliwa na sikio. Kumsikiliza msimulizi, kuuliza neno lina maana gani kinywani mwake, kupima ushahidi kabla ya kucheka au kukubali: hiyo ndiyo kazi anayofundishwa mwanafunzi wa fasihi simulizi na historia.

Na kupima hakuishii kwenye masimulizi ya wazee; hata vitabu hupimwa. Kitabu cha mwanaanthropolojia Monica Wilson, Good Company, cha mwaka 1951, kilivitangaza duniani vijiji vya marika vya Wanyakyusa, yaani vijiji vya watu wa rika moja, kutokana na utafiti alioufanya na mumewe, Godfrey, miaka ya 1930. Wataalamu waliofuata walitilia shaka baadhi ya maelezo yake. Mjadala huo unamhitaji kijana wa Rungwe anayekijua Kinyakyusa cha bibi yake na anayejua pia kuhoji maandishi. Asipofunzwa, atayapokea ya babu zake kama alivyoandikiwa, au atayatupa yote.

Wiki ijayo: kwa nini Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa nchi changa yenye shida tele, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963?