Kutafuta Chombo Kilichopotea

Mwezi Januari mwaka 2016 kivuko kilichokuwa kikivusha watu na magari kati ya Ifakara na Wilaya ya Ulanga kilizama katika Mto Kilombero. Mwaka 2018 daraja lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa hapo, na kazi ya kivuko ikaisha. Lakini mitumbwi haikuisha. Juu na chini ya daraja hilo wavuvi na wakulima wa mpunga wangali wakipita na pondo na makasia yao, na katika miezi ya masika, maji yanapotapakaa bondeni, mtumbwi uliotoka alfajiri huenda usionekane jioni. Hapo ndipo watu hukusanyika ukingoni, kila mmoja akiwa na rai yake, na swali huwa moja: tuanze kutafuta wapi?

Swali hilo si la wavuvi peke yao. Manahodha wa baharini huliuliza, marubani huliuliza, na hata katika hadithi za kubuni mabaharia wa merikebu za nyota huketi kuzunguka meza ya ramani wakilijadili. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa kidato cha pili.

Yafaa kwanza kulitazama bonde lenyewe. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mito mingi huteremka kutoka pande zote mbili, na mvua zinapokolea maji hufurika kingo na kuifanya nchi tambarare kuwa kama ziwa lenye visiwa vya matete na mafunjo. Eneo oevu la bonde hilo, lililoingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002, lina ukubwa wa karibu hekta 797,000. Mbele zaidi mto hukutana na Luwegu, na hapo Rufiji huzaliwa. Mtu hawezi kuipekua nchi ya namna hiyo hatua kwa hatua.

Tena saa zinakwenda. Tuseme mtumbwi umepoteza upondo wake, na maji au upepo waweza kuuchukua kwa mwendo usiozidi kilomita 2 kwa saa, upande usiojulikana. Baada ya saa 3 utakuwa ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 6, yaani eneo la kilomita za mraba 113 hivi. Baada ya saa 6 nusu kipenyo ni kilomita 12, na eneo ni kilomita za mraba 452. Muda umezidi mara mbili, eneo limezidi mara nne. Kwa merikebu ya nyota mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa yaweza kwenda juu na chini pia: muda ukizidi mara mbili, nafasi ya kutafutwa huzidi mara nane. Kwa hiyo saa ya kwanza haina bei.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Chukulia kwamba wazee wa uvuvi wamekubaliana juu ya mahali patatu. Huenda mkondo mkuu uliusukuma mtumbwi mpaka kwenye kizingo cha mto. Huenda upepo uliuingiza katika matete. Au huenda mwenyewe aliingia kijito cha pembeni kuelekea dago la wavuvi. Wazee wanasema kwamba kama mitumbwi 100 ingepotea katika hali kama hii, 50 ingekuwa kizingoni, 30 katika matete, na 20 kijitoni.

Hiyo ni nusu tu ya habari inayotakiwa. Nusu ya pili ni uwezo wa kuona. Kizingoni maji ni wazi. Kundi la watafutaji likishinda huko siku nzima litaona mitumbwi 8 katika kila 10 iliyopo. Kijitoni litaona 7 katika kila 10. Katika matete, ambamo mtu aweza kupita hatua tano kutoka mtumbwi asiuone, litaona 4 tu katika kila 10. Kundi ni moja, na kwa siku laweza kwenda mahali pamoja tu.

Siku ya kwanza jibu ni jepesi. Kizingoni wataona 8 katika kila 10 ya mitumbwi 50, yaani 40, katika matete wangeona 12, kijitoni 14. Wanakwenda kizingoni. Jioni wanarudi mikono mitupu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mmoja husema, "Kizingoni haupo, tupafute." Mwingine husema, "Kizingoni ndiko uliko, turudi kesho." Hesabu haikubaliani na yeyote kati yao. Katika mitumbwi 50 iliyokuwa kizingoni, 40 ingeonekana; 10 isingeonekana ingawa ipo. Basi mitumbwi ambayo ingekuwa bado haijapatikana ni 60: kizingoni 10, matete 30, kijitoni 20. Kutoona kumekuwa habari.

Siku ya pili matete ndiyo yenye uwezekano mkubwa kuliko kwingine kote, 30 kati ya 60. Je, waende huko? La. Katika matete wangepata 12, lakini kijitoni watapata 14. Mahali panapodhaniwa zaidi na mahali panapofaa kutafutwa leo si lazima pawe pamoja. Linaloamua ni uwezekano wa kuwapo mara uwezo wa kuona. Wanakwenda kijitoni na hawapati kitu. Kijitoni inabaki 6.

Siku ya tatu kizingo chatoa 8, matete 12, kijito 4 na kidogo. Wanaingia matete, wanashinda humo wakichanwa na majani, na wanatoka bila mtumbwi. Zinabaki kizingo 10, matete 18, kijito 6, jumla 34.

Siku ya nne ndiyo inayowashangaza wengi. Kizingo kitatoa 8. Matete yatatoa 7 na kidogo, kijito 4 na kidogo. Kwa hiyo wanarudi kizingoni, mahali palepale walipopapekua siku ya kwanza, na wanarudi kwa hesabu wala si kwa ukaidi. Mwanakijiji anayewaona huenda akacheka kwamba wamechanganyikiwa.

Kuna mambo mawili ambayo mfano huu umeyaacha. La kwanza ni uhai. Ikiwa mtumbwini mna watu, si haki kuhesabu vyombo peke yake. Mtu aliyekwama matetani usiku pamoja na mamba na viboko hana muda sawa na aliyefika dago la wavuvi penye moto. Mpangaji hodari huipa kila sehemu uzito wa maisha yanayoweza kuokolewa kwa saa hiyo, na mpango waweza kupinduka kabisa. La pili ni ukweli wa taarifa. Hesabu yote inasimama juu ya neno la watafutaji. Kundi likikaa kivulini nusu ya siku kisha likasema limepekua kijito chote, uongo huo unahamisha watu kutoka mahali palipo na aliyepotea. Na ile desturi ya kugawa mitumbwi sawa kwa sawa kila upande, ili asilaumiwe mtu, huwafaa wakubwa zaidi kuliko inavyomfaa aliyepotea.

Mzizi wa hesabu hii ni wa zamani. Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1763 yakieleza jinsi dhana ya awali inavyopasa kurekebishwa kila habari mpya inapofika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mwanahisabati Bernard Koopman na wenzake waliufanyia kazi utafutaji wa nyambizi kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Marekani. Mwezi Mei mwaka 1968 nyambizi ya Marekani iitwayo Scorpion ilipotea katika Bahari ya Atlantiki ikiwa na watu 99. John Craven, mwanasayansi wa jeshi hilo, hakumchagua mtaalamu mmoja wa kumwamini. Aliwataka wengi wapime kila moja ya njia ambazo nyambizi ingeweza kuzama kwazo, kama watu wanaowekeana dau, akayachanganya makadirio yao katika ramani moja ya uwezekano. Mwezi Oktoba mwaka huohuo mabaki yalipatikana, zaidi ya mita 3,000 chini ya maji. Yafaa kukumbuka njia hiyo pale wazee watatu wa Kindamba wanapotoa rai tatu ukingoni: hapana haja ya kumfuata mwenye sauti kubwa, kwani rai zote zaweza kuingia katika hesabu kila moja kwa uzito wake.

Mfano ulio karibu mno na ule wa kizingo ni wa ndege ya Air France, safari namba 447, iliyoanguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikiwa na watu 228. Visanduku vya kumbukumbu za safari hutoa mlio chini ya maji kwa siku 30 hivi. Meli zilipita zikisikiliza, hazikusikia kitu, na maeneo zilizopita yakahesabiwa kuwa hayana ndege. Miaka ikapita. Ndipo wataalamu wa hesabu walipouliza swali jepesi: je, kama vitoa mlio vyenyewe viliharibika? Ukimya una sababu mbili, ama chombo hakipo, ama kipo na hakisemi. Uwezo wa kusikia ulipopunguzwa katika hesabu, uwezekano ulirudi kwenye maeneo ya karibu na mahali ndege ilipojulikana kuwa mara ya mwisho. Mwezi Aprili mwaka 2011 mabaki yalionekana, kilomita 12 hivi kutoka hapo, kwenye kina cha karibu mita 3,900.

Pwani yetu nayo imeingia katika habari za namna hii. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia, safari MH370, iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ikiwa na watu 239, ikatoweka. Mawasiliano machache ya kujiendesha kati yake na setilaiti yalionyesha kwamba iliishia mahali fulani juu ya mstari mrefu uliopinda kusini mwa Bahari ya Hindi. Mwezi Julai mwaka 2015 kipande cha bawa kiliokotwa katika kisiwa cha Réunion. Mwezi Juni mwaka 2016 kipande kingine kikubwa cha bawa kilionekana kisiwani Pemba, na mwezi Septemba ikathibitishwa kwamba ni cha ndege hiyo.

Kilifikaje Pemba? Kusini mwa ikweta mkondo mkuu wa bahari huvuka kutoka mashariki kwenda magharibi, hugonga upande wa Madagaska, na sehemu yake hupanda kaskazini kando ya pwani yetu. Ndio mkondo ambao mabaharia wa majahazi wameujua kwa karne nyingi. Wanasayansi wa Australia waliurudisha mwendo huo nyuma kwa hesabu. Walielesha baharini mifano ya kipande cha Réunion, kisha kipande halisi cha ndege ya aina ileile, wapime jinsi upepo unavyokisukuma. Hata fukwe za Australia, ambako hakukuokotwa kitu, ziliingia katika hesabu: kama ndege ingeanguka mbali zaidi kusini, baadhi ya mabaki yangetazamiwa kufika huko. Walihitimisha kwamba mahali panapoelekea zaidi ni karibu na latitudo 35 kusini. Sakafu ya bahari ya kilomita za mraba 120,000 ilikwisha kupekuliwa kufikia Januari 2017, na nyingine zaidi ya 112,000 mwaka 2018, na ndege haikuonekana katika misako hiyo miwili.

Merikebu za nyota za hadithi bado hazipo, lakini vyombo vya angani hupotea kweli. Mwezi Juni mwaka 1998 chombo SOHO cha Ulaya na Marekani, kinacholichunguza jua kikiwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, kilinyamaza. Ajabu ni kwamba mahali pake palikuwa rahisi kukisia kuliko mahali pa mtumbwi wa Kilombero. Angani hakuna upepo wala matete; chombo hufuata njia ambayo kanuni za Newton zinaieleza. Mwezi Julai mawimbi ya rada yalirushwa kutoka Arecibo, Puerto Rico, na mwangwi wake ukapokewa Goldstone, California. Chombo kilikuwa mahali pake, kikijizungusha polepole. Mwezi Agosti kilianza kujibu, na baadaye kikarudi kazini.

Walimu waweza kuufanya mfano wa kizingo, matete na kijito darasani kwa karatasi na vikaratasi 10 vilivyoandikwa namba. Mwanafunzi mmoja afiche kwa siri mahali mtumbwi ulipo, akifuata uwiano wa 50, 30 na 20. Wengine wachague pa kutafuta, kisha wachote kikaratasi kimoja. Kama wako mahali penyewe, kizingoni wamefaulu wakipata namba 1 mpaka 8, kijitoni 1 mpaka 7, matetani 1 mpaka 4. Mchezo urudiwe mara nyingi, kundi moja likifuata hesabu na jingine likifuata moyo, na siku zihesabiwe. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike jibu lake: kundi lililorudi kizingoni siku ya nne na kukosa tena, siku ya tano liende wapi?