Mimba Ndani ya Chumba Kimoja: Wanawake wa Nyumba Chakavu za Urusi

Mwaka 1996 serikali ya Urusi ilitoa orodha ya sababu 13 za kijamii zilizomruhusu mwanamke kutoa mimba iliyopita wiki 12, hadi wiki ya 22. Zilikuwamo ukosefu wa ajira, kipato kisichofikia kiwango cha kujikimu, na jambo ambalo ni nadra kulikuta katika waraka wa tiba: kutokuwa na nyumba. Mwaka 2003 zilibakizwa sababu nne, nyumba haikuwamo. Tangu 2012 imesalia moja, nayo ni kubakwa.

Nyumba zenyewe zingalipo. St. Petersburg bado ina komunalka, yaani makazi yaliyogawanywa baada ya mapinduzi ya 1917, kila familia ikapewa chumba chake, jiko na choo vikawa vya wote. Kwingineko yamesimama majengo ya ghorofa tano ya zama za Khrushchev, yaliyojengwa harakaharaka, bila lifti. Mjamzito hupanda ngazi na mfuko wake wa viazi, kisha hulala chumba kimoja na mume, watoto, pengine na mama mkwe nyuma ya pazia. Mimba isiyotarajiwa haina siri humo. Wa jikoni huijua kabla ya daktari.

Urusi ya Kisovieti ilihalalisha utoaji mimba mwaka 1920, kabla ya nchi nyingine yoyote. Stalin akaupiga marufuku mwaka 1936, ukaruhusiwa tena 1955. Kwa kuwa vidonge vya uzazi wa mpango vilikuwa adimu, kutoa mimba kukawa ndiyo njia ya kupanga uzazi. Idadi imeshuka mno tangu miaka ya 1990, kinga zilipoanza kupatikana.

Leo mwanamke aombaye huduma hiyo kabla ya wiki 12 husubirishwa saa 48 au siku saba, kulingana na umri wa mimba, ili atafakari. Chumba hakiongezeki kwa siku saba. Ipo ruzuku ya uzazi iliyoanza 2007, na tangu 2020 hutolewa hata kwa mtoto wa kwanza. Wengi huielekeza kwenye nyumba. Lakini peke yake hainunui nyumba Moscow, na asiye na kipato cha uhakika hakopeshwi na benki.

Kwa mhudumu wa afya, swali la kuuliza mapema ni hili: mama, unalala wapi, na nani? Asiye na mahali pa kuficha vidonge huenda akafaidika zaidi na kitanzi, ambacho huweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Aliyetoka kupoteza mimba aelezwe siku hiyohiyo kwamba anaweza kushika nyingine kabla ya wiki mbili kuisha. Na mtoto anayeletwa na kikohozi kila mwezi, kabla ya kuandikiwa dawa tena, mama yake aulizwe kuhusu ukuta ulio kando ya kitanda: je, una kuvu?