Hendibreki ya Probox au gia ya dukani?

Nilipoishika, hendibreki ile ilikuwa bado na grisi ya gari, na kitufe chake cha kufungulia kilikuwa kimeanza kushika kutu. Ilitoka kwenye Probox iliyokatwakatwa kwa muuza spea kuukuu hapa Nyeri. Aliitisha shilingi 1,000, tukapatana 700. Aliniuliza gari langu ni la mwaka gani, nikamweleza kwamba naifunga mezani, kando ya usukani wa gemu. "Ukimaliza niletee picha, bosi," akasema, akanichagulia ile ambayo mkono wake haukuwa umelegea.

Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, na gemu ya EA Sports WRC iliyotoka 2023 inayo ndani yake. Ukiicheza kwa usukani kama Logitech G29, utakwama kwenye kona za kugeuka karibu ulikotoka. Hendibreki yako ni kitufe kilicho kwenye usukani wenyewe, na usukani huo huzunguka digrii 900, yaani duru mbili na nusu. Ukifika katikati ya kona, kitufe kimeshapinduka kiko upande mwingine. Kidole kinakitafuta, gari linakwenda mtaroni.

Kwa hiyo mwenye pesa ya kitu kimoja namshauri aanze na hendibreki, gia ingoje. Magari ya daraja la juu la rali, tangu 2022, yana gia 5 zinazopandishwa na kushushwa kwa kuvuta na kusukuma mkono mmoja tu, na vile vibao vya kuvuta vilivyo nyuma ya usukani vinaifanya kazi hiyo vizuri. Gia ya H, ile ya kutafuta namba kama kwenye matatu, ina maana kwa anayeendesha malori ya Euro Truck Simulator 2, au anayependa magari ya enzi za Joginder Singh, bingwa wa Safari wa 1965, 1974 na 1976. Mimi nayapenda sana magari hayo, lakini siwezi kumwambia mtu aanzie hapo.

Kabla hujatoa hata shilingi, jiulize unachezea wapi. Kifaa cha kujitengenezea kinachoingia kwa USB hufanya kazi kwenye kompyuta. PlayStation haikitambui, labda ununue adapta. Mwenye PlayStation atanufaika zaidi na gia ya Logitech, Driving Force Shifter, kwa sababu inachomekwa kwenye usukani wa G29 moja kwa moja, mtambo unaiona kama sehemu ya usukani. Nimeona watu wakilia kwa kosa la kutojiuliza hivyo, na pesa ilikuwa imeshatoka.

Sasa hesabu. Gia hiyo ya Logitech ilitoka kiwandani kwa bei ya dola 59.99. Kwa dola moja shilingi 129, hiyo ni kama 7,700. Ongeza usafiri, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha, na ujiandae kwa zaidi ya 10,000. Ni ya plastiki, ina nafasi 6, na rivasi unaipata kwa kubonyeza mkono chini kisha kuupeleka nafasi ya sita. Thrustmaster TH8A ni ya chuma, ina nafasi 7 na rivasi, inageuzwa ikawa ya kuvuta na kusukuma, na sensa zake ni za sumaku. Bei yake ni zaidi ya maradufu, na anayecheza jioni mbili kwa wiki hatapata thamani ya pesa hiyo. Ukiwa wa kompyuta na ukaona Logitech G27 kuukuu iliyotunzwa, usiipite: iliuzwa pamoja na gia yake ya H.

Hendibreki yangu imenigharimu hivi: mkono wa Probox 700, bodi ndogo ya Pro Micro 1,300, sensa ya sumaku na kisumaku chake 200, waya wa USB 150, kuchomelea 500. Jumla 2,850, pamoja na siku mbili za kuhangaika. Bodi na sensa ziliagizwa Nairobi, zikaja na matatu kama kifurushi siku iyo hiyo.

Kwenye bodi ndipo wengi wanapokosea. Arduino Uno R3, ambayo karibu kila mwanafunzi wa uhandisi anayo, haiwezi peke yake kujitambulisha kwa kompyuta kama kifaa cha gemu. Unataka Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4. Kijana wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi alinisaidia kuandika programu yake, mistari isiyozidi ukurasa mmoja.

Sensa nayo nilijifunza kwa hasara. Nilianza na potenshiometa, ile ya kuongezea sauti kwenye redio, kwa sababu ni bei ya andazi na chai. Inazunguka karibu digrii 270, lakini mkono wa hendibreki husogea digrii 40 hivi. Bodi inagawa mzunguko wote kwa hatua 1,024, kwa hiyo nilikuwa natumia kama 150 tu. Baada ya miezi michache vumbi likaingia, na gari likawa linafunga magurudumu ya nyuma katikati ya barabara nyoofu wakati sijagusa kitu. Sensa ya sumaku ya aina ya 49E haigusani na chochote. Kisumaku kinapita mbele yake, volti inapanda, basi. Tangu niifunge haijaniangusha.

Uzito wa kuvuta ndio ulionisumbua zaidi. Hendibreki ya Probox inavutwa kwa meno yanayolia krr, krr, na hiyo haifai; rali inataka mkono unaorudi wenyewe ukiuachilia. Fundi wa kuchomelea alisaga meno yale kwa grainda, akachomelea kipande cha bomba nyuma ya mkono, kisha tukapanga ndani yake bushi tatu za mpira za shokabzoba ya bodaboda. Mwanzo wa kuvuta ni laini, halafu mpira unabanana na mkono unakuwa mzito. Tulijaribu kwanza kwa mpira wa tyubu, ukalegea ndani ya wiki moja.

Kutengeneza gia ya H nyumbani sikushauri. Swichi zake si ghali, lakini bamba lenye njia za H linataka kukatwa sawasawa. Fundi akitoboa kwa drili na kusawazisha kwa tupa, gia ya tatu itakuwa inanasa kwenye ya tano, na utarudi kwake mara nne. Ile ya kuvuta na kusukuma ni tofauti: swichi mbili, springi mbili, mkono mmoja. Bodi ile ile ya hendibreki ina nafasi ya kutosha kuzipokea, hivyo gharama inayoongezeka ni vyuma na ufundi tu. Hiyo jaribu.

Acha pesa ya kufungia. Meza ya mbao za saiprasi niliyonayo ilikuwa inasogea kila nilipovuta, nikapoteza mwezi nikiilaumu sensa. Fundi alinikatia chuma cha mraba cha inchi moja, akachomelea miguu miwili ya kushuka hadi sakafuni, kwa 900. Sasa mkono uko kulia kwangu, sentimita chache chini ya usukani, na naufikia bila kuuangalia. Picha nilimpelekea muuza spea, na akaniambia ana mkono mwingine wa Probox kama kuna mwenzangu anayeutaka.